Taya la Juu la Mzee Meno

Mtu aliyewatengenezea watu wa mtaa mzima meno ya bandia hakuwa na jino hata moja la juu mdomoni mwake, na ole wako ucheke. Walimwita Mzee Meno, wateja kwa heshima na majirani kwa utani. Alikuwa kwenye ile karakana yake nyuma ya duka la dawa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, akichonga nta, akimimina plasta, akisugua kwa tupa na msasa, na watu walioingia mle wamefumba midomo walitoka wanacheka. Yake mwenyewe ya juu yalikwenda moja moja, na la mwisho liliondoka mwaka uleule mikono yake ilipoanza kutetemeka. Sasa hebu fikiria balaa hilo. Mikono pekee anayoiamini imegoma, na mikono ya watu wengine haitaki hata kuisikia. Basi akabaki kibogoyo. Akicheka, anaziba mdomo kwa kiganja. Chakula alikula jikoni peke yake, uji na vitu vya kuponda, na ukimfuata huko anakwambia ana kazi.

Kazi gani, jamani? Karakana ilikuwa imeshaingia mikononi mwa binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani hawakuacha kumwita Mziwanda ingawa alishavuka thelathini na alikuwa na miwani ya kusomea. Mzee alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, na shughuli yake ikawa kunung'unika. Jino hili refu. Ufizi huu mwekundu mno, unataka mteja aonekane ametoka kupigana? Hapa uliharakisha, ulikuwa unawahi wapi? Siku ambayo hakuona kosa alikohoa tu, akageukia dirisha akatazama watu wanaopita. Neno "vizuri" halijawahi kumtoka. Na Mziwanda, mtu mzima mwenye akili zake timamu, alikuwa analitamani neno hilo mpaka analiota usingizini.

Ndipo akajitokeza bwana mmoja mwenye karakana kubwa kwenye jengo la ghorofa kule barabara kuu. Alitaka kununua mashine zote, meza, tanuri, kila kitu, na wateja juu yake. Mzee hakumjibu ndiyo wala hapana. Alizunguka na jambo hilo kichwani, hasemi na mtu, mpaka alasiri moja akamgeukia bintiye.

"Mziwanda, nitengenezee mimi meno."

Tupa ikamponyoka bintiye, ikaanguka chini ya meza.

"Wewe, Baba? Si ulisema mkono wa mtu hauingii mdomoni mwako?"

"Nimesema nitengenezee, sijasema tuhojiane. Yakikaa, karakana ni yako, na yule bwana wa ghorofani tunamwambia asante kwa kututembelea. Yasipokaa, namwuzia, nawe utafute kazi nyingine mapema kabla hujazeeka ndani ya kitu usichokiweza. Mara moja tu. Sijaribu mara mbili."

Ndiye Mzee huyo, hana dogo. Mziwanda akasema sawa, akainama kutafuta tupa yake, na huko chini ya meza akakaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Sasa nikueleze habari ya kompyuta, usije ukapotea mbele. Zamani taya lilichukuliwa kwa kumng'atisha mtu donge la udongo laini, unakaa mdomo wazi mate yanakutiririka kidevuni, unajuta kuzaliwa. Siku hizi daktari wa meno pale zahanati alikuwa na kijiti chenye kamera. Anakipitisha mdomoni, kompyuta inachora taya zima kila upande, na mchoro unatumwa karakana kwa barua pepe kama kiambatisho. Mziwanda anaupakua, anauhifadhi, anaupeleka kwenye printa inayochapa vitu kwa plastiki, na baada ya muda anapata sanamu ya taya la mteja mezani. Juu ya sanamu hiyo ndipo anapanga meno kwa nta, jino kwa jino, kwa mkono. Hapo hakuna mashine ya kukusaidia.

Tatizo lilikuwa kupakua. Mikono imejaa nta na plasta, kompyuta inalia kwamba barua imeingia. Unawe, ujifute, ufungue barua, ubonyeze kiambatisho, usubiri, uchague folda, ubadili jina la faili uweke la mgonjwa. Mashine ya zahanati ilikuwa na uvivu wake, kila taya la juu duniani ililiita "taya-juu" na ikaishia hapo. Ukimaliza unarudi mezani, nta imeshakauka. Mziwanda alikuwa amelifanya jambo hilo mara nyingi hata vidole vilijua njia vyenyewe, huku moyoni akiitukana kompyuta matusi ya chinichini.

Akamlalamikia shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Huyu alikuwa mwandishi wa programu kwenye ghala la mizigo, mtu mnene, mcheshi, na utani wa mashemeji alikuwa hauachi hata msibani.

"Kumbe mke wangu mdogo anateseka na mimi nipo hai!" akasema. "Nitakuandikia kijiprogramu, kitakupakulia viambatisho vyote wewe ukiwa umekaa unakula karanga."

"Uniandikie kwani mimi mikono yangu imekatika? Nifundishe niandike mwenyewe."

Basi akamfundisha, jioni mbili tatu, chai mezani na dada mtu akiwachungulia na kucheka. Mziwanda akaandika mistari yake kwa kidole kimoja kimoja. Programu iingie kwenye sanduku la barua kwa neno la siri. Itafute barua mpya kutoka zahanati. Ikikuta moja, iangalie kama ina kiambatisho. Kama kipo, ikipakue, ikihifadhi ndani ya folda ya tarehe ya siku hiyo, kisha ilale, na baada ya saa iamke tena. Ilipokubali mara ya kwanza, faili likatokea kwenye folda bila mtu kugusa kitu, Mziwanda alipiga kigelegele hadi jirani akabisha hodi kuuliza nani kaolewa.

"Barua zenyewe usizifute," Shemeji akamwonya. "Ziache zilivyo. Na majina ya mafaili umeyafanyaje?"

"Yana majina tayari."

"Haya, mwenye shughuli ni wewe."

Na kweli mambo yakaenda murua. Zahanati haikutuma zaidi ya taya moja kwa siku, na kila siku ilikuwa na folda yake. Mziwanda akawa anafanya kazi na redio imewashwa, mikono yake imetulia kwenye nta. Kichwa kikamvimba kidogo, tusimfiche.

Ikafika siku ya Mzee kupelekwa zahanati. Alivaa koti. Pale mlangoni alimgeukia bintiye akamwambia abaki kwenye benchi nje, mdomo wake si sinema. Mziwanda akabaki. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona ufizi wa baba yake, kile kiganja kilikuwa kinawahi kila mara. Mzee alipotoka alikuwa amenuna, daktari nyuma yake anacheka, na wakarudi nyumbani.

Jioni Mziwanda alipofungua folda ya siku hiyo, taya-juu limekaa pale linamsubiri. Akalichapa. Sanamu ilipotoka aliishika kwenye kiganja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, na machozi yakamlengalenga. Lo, kumbe Baba ana taya pana namna hii! Ndiyo maana akikohoa karakana wanageuka watu wa barabarani. Akaipiga msasa polepole kama anayemwosha mtoto.

Kazi aliyoifanya hapo, tuseme ukweli, hakuwahi kuifanya. Alipanga jino akaling'oa, akapanga tena. Alichagua rangi isiyo nyeupe ya kujionyesha, bali ile ya mtu aliyekunywa chai na kuishi na watu. Ufizi aliuwekea mishipa midogo ya kulegeza wekundu. Hata jino la mbele la kushoto alilipindisha kidogo sana, maana kwenye picha ya harusi ya wazazi wake, iliyoko ukutani sebuleni, Mzee akiwa kijana anacheka mdomo wazi na jino hilo limepinda. Alipomaliza alikaa akayatazama, akajua moyoni kwamba haya ni mazuri. Ila kujua kwake yeye hakukumtosha.

Asubuhi akayaweka kwenye kitambaa safi, akampa baba yake, akashika kioo kwa mikono miwili. Mzee akageukia dirishani, akampa mgongo. Akayatia. Mabega yake yakapanda, yakashuka. Akagusa shavu. Akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Mziwanda alisahau kuhema.

"Baba?"

Mzee akageuka. Alikuwa anatabasamu! Tabasamu pana la kutoka shavu hadi shavu, ambalo Mziwanda hakulikumbuka tangu utoto wake.

"Yamekaa," Mzee akasema taratibu. Akameza mate. "Vizuri."

Jamani, huyo binti alilia! Alilia akacheka, akamkumbatia Mzee, akamwachia plasta kwenye koti. Mzee akampigapiga mgongoni, akachomoa funguo za karakana mfukoni na kuzitia kwenye kiganja chake. Mambo yakaisha hapo, au ndivyo Mziwanda alivyodhani.

Mtaa mzima ukashangaa. Mzee Meno anacheka! Anapita dukani anacheka, anasalimiwa anacheka, anaambiwa habari ya msiba amesimama anacheka, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba labda uzee umempanda kichwani. Kusema alisema kidogo sana, "mm" na "eee" na kutikisa kichwa. Kunung'unika kukakoma kabisa. Chakula akaendelea kula jikoni peke yake, akisema anayazoea kwanza meno. Gundi ya kushikizia meno pale karakana ikawa inapungua haraka, na Mziwanda akadhani ni wateja wanaomba kionjo. Ukiwa na furaha huoni, hata kitu kikukae puani.

Kisha simu ikaita. Daktari.

"Mziwanda, niokoe," akasema, na nyuma yake zilisikika kelele za mtu anayefoka. "Nina Mama Mapazia hapa. Anauliza meno yake, na anauliza kwa sauti unayoisikia."

Mama Mapazia alikuwa na duka la mapazia pale kona, na habari zote za mtaa zilipita dukani kwake kabla hazijafika kwa wenyewe.

"Mama Mapazia? Daktari, mimi sina kazi ya Mama Mapazia. Hukunitumia."

"Nilituma! Alikuja siku ileile ya Mzee. Mzee asubuhi, yeye alasiri. Angalia vizuri."

Mziwanda akafungua folda ya siku ile. Faili moja tu, taya-juu. Akafungua sanduku la barua mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aandike programu yake. Barua mbili zilikuwa pale zimefuatana, kila moja na jina la mgonjwa wake juu na kiambatisho chake chini. Akafungua cha Mzee, akafungua cha Mama Mapazia, akaviweka kando kwa kando kwenye kioo cha kompyuta.

La Mama Mapazia lilikuwa taya pana, lenye afya, limetanuka. Mziwanda alilijua kila kona, maana alikuwa amelipiga msasa kwa machozi. La Mzee lilikuwa jembamba, limenywea, na upande mmoja ufizi ulikuwa umelika ukabaki mstari. Hakuwahi kuliona maishani mwake.

Alielewa palepale, haikuhitaji fundi. Programu ilipakua taya-juu la asubuhi, ikalihifadhi. Alasiri likaja taya-juu jingine, ikaenda kulihifadhi palepale, ikakuta jina hilo lina mwenyewe, ikaandika juu yake bila hata hodi. Vidole vyake vingeandika jina la mgonjwa bila yeye kufikiri. Programu haina vidole, ilifanya alichoiambia, na hilo hakuiambia.

Akampigia Shemeji.

"Kwani jina la mgonjwa hukuliweka mbele ya jina la faili?" Shemeji akauliza, akaanza kucheka. "Mke wangu mdogo, hapo ni mistari miwili tu. Chukua jina kwenye kichwa cha barua, ulibandike. Na iambie, ikikuta faili la jina hilo lipo, isiguse, ipige kelele. Hakuna kilichopotea, si barua zipo?"

"Shemeji, Baba amevaa meno ya Mama Mapazia."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka kitu.

"Lakini si alisema yamekaa?"

"Ndiyo," Mziwanda akasema. "Alisema yamekaa vizuri."

Akakata simu, akabaki ameitazama ile michoro miwili. Meno yale yasingeweza kukaa. Kwenye ufizi ule mwembamba yalikuwa yanaelea kama sufuria ndani ya beseni. Hakuwa anacheka yule Mzee, midomo ilikuwa haifungi! Na neno alilolisubiri tangu alipoanza kushika tupa, alilolilia mpaka akapaka koti la Mzee plasta, lilikuwa la uongo. Likamuuma. Likamuuma kuliko yale manung'uniko yote yakijumlishwa.

Sasa usijifanye wewe usingefikiria alichokifikiria. Angeweza kuchapa taya la kweli kimyakimya, atengeneze mengine, amwambie Mzee nimeyaongezea mng'aro, ayabadilishe, basi. Mzee angeshukuru Mungu, funguo zingebaki pale zilipo, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji. Halafu akaiweka glasi chini kwa kishindo, akafunga karakana, akaenda nyumbani.

Alimkuta jikoni. Bakuli la uji mbele yake, na meno yamelala ndani ya kikombe cha maji kando. Mzee aliposikia mlango aliwahi kikombe kwa mkono mmoja na mdomo kwa mwingine.

"Acha tu, Baba," Mziwanda akasema. "Hayo meno si yako. Ni ya Mama Mapazia."

Mzee akakitazama kikombe. Akamtazama bintiye.

"Mama Mapazia yupi? Huyu wa kona?"

"Huyuhuyu."

"Yaani siku zote hizi nazunguka na mdomo wa Mama Mapazia?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee akafikiri. "Ndiyo maana," akasema kwenye kiganja chake. "Nilikuwa nashikwa na hamu ya kusema mambo ya watu, nikashangaa imetoka wapi."

Mziwanda hakutaka kucheka, alikuja na hasira yake nzima haijapungua hata punje. Akacheka akavunjika mbavu, akajikuta amekaa kwenye kiti analia. Akaeleza yote, programu, folda, taya moja kukalia jingine. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, uji unapoa.

"Ulijua lini?" Mziwanda akauliza.

"Nilipoyatia tu."

"Na ukasema yamekaa!"

Mzee akakishusha kile kiganja. Kwa mara ya kwanza Mziwanda akaona ufizi wa baba yake, uleule mwembamba wa kwenye kompyuta, umevimba, mwekundu, una vidonda pande zote mbili.

"Kazi ilikuwa nzuri," Mzee akasema. "Niliyageuza mkononi kabla sijayatia. Jino langu lile lililopinda uliliweka. Nikajua huu mkono umefika. Kisha nikayatia, na kinywa si changu. Nikasema hapa kuna kitu kimekwenda segemnege, ngoja nimwambie. Nikageuka nikuambie, nikakukuta umekumbatia kile kioo huhemi. Nikashindwa."

"Miaka yote hunipi neno moja, Baba! Moja! Siku unayonipa unanipa la uongo, nifanye nalo nini? Nilitegemee vipi?"

Mzee akasogeza bakuli kando. Akaushika mkono wa bintiye kwa ile mikono yake ya kutetemeka, na meza nzima ikatetemeka nao.

"Nilidhani nikikusifu utaacha kujitazama," akasema. "Nikachelewa kuacha. Nisamehe."

Mziwanda akajifuta uso kwa kanga ya jikoni. Akatoa funguo, akaziweka kando ya bakuli.

"Hizo shika. Ulisema mara moja, na mara moja imepita. Lakini mdomo wako siuachi hivi, kosa ni langu na nitalilipa. Nitakutengenezea mengine. Yakiwa mabaya, sema mabaya. Ukinidanganya tena, Baba, naapa, yule bwana wa ghorofani nitampigia mimi mwenyewe."

"Mm," Mzee akasema. Safari hii hakuwa na meno ya kumzuia kusema zaidi, ila hakusema.

Mziwanda akairekebisha programu kabla hata usiku haujaingia, mistari miwili kama alivyoambiwa, na wa tatu wake mwenyewe unaomwandikia kila jioni majina ya wagonjwa wote waliopakuliwa, ayasome kwa macho yake. Mama Mapazia akatengenezewa meno yake, mapya kabisa, yakamkaa kama alizaliwa nayo. Kilichotokea hakijui mpaka leo, na wewe usimwambie, maana kabla ya jua kuzama watajua watu wote. Mzee vidonda vikapona. Taya lile jembamba likachapwa, na Mziwanda akalifanyia kazi bila kulia, akinung'unika mwenyewe kila alipokosea.

Yalikuwa tayari siku ambayo Dada na Shemeji walikuja kula mchana. Meza imeandaliwa, nyama inatoa mvuke, na Mzee akatoka chumbani na meno mapya mdomoni, akakaa kwenye kiti cha kichwani mwa meza ambacho kilikuwa hakijakaliwa siku nyingi. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mzee akafunga midomo, ikafunga. Akafungua, akafunga. Akazungusha ulimi.

"Hili la pembeni la kulia refu," akasema. "Lipunguze."

Dada akashusha pumzi kwa huzuni. Mziwanda akainuka, akaja na ile karatasi ya bluu ya kupimia, akamwambia ang'ate. Akaiangalia alama upande wa kulia, akaiangalia upande wa kushoto. Akamng'atisha tena. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Halipunguzwi," akasema.

"Nakwambia ni refu."

"Na mimi nakwambia si refu, Baba. Alama ziko sawa kote. Umekaa kibogoyo muda mrefu, ulimi wako umesahau jino linakaa wapi. Nikilipunguza utatafuna upande mmoja, ufizi utaumia, na mwezi ujao utakuja kunilaumu mimi. Hili halipunguzwi. Kula."

Kijiko cha Shemeji kikabaki hewani. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumkatalia Mzee Meno habari ya jino, si mkewe alipokuwa hai, si madaktari. Mzee akamtazama bintiye kwa macho yale makali ya kando ya dirisha. Mziwanda naye akamtazama. Alikuwa ana uhakika na lile jino, na uhakika huo alikuwa nao kabla Mzee hajafungua mdomo.

Mzee akachukua kipande cha nyama. Si kidogo, akachagua chenye mshipa. Akatafuna kulia. Akahamishia kushoto. Akarudisha kulia tena, polepole, macho yamefumba, na mle ndani mlikuwa kimya hata mlio wa meno yakikutana ulisikika, pande zote mbili sawasawa. Akameza.

"Yule bwana wa ghorofani," akamwambia Shemeji, "kesho mpigie mwambie mashine zile zina mwenyewe. Tena mbishi."

Akasogeza sahani yake mbele aongezwe nyama.